Pampu ya Maji Taka Karibu na Kijito: Maswali ya Kuuliza Kabla Haijajengwa

Mashamba ya skimu yalipoanza kugawanywa mwaka 1962, mji wa karibu mara nyingi ulikuwa ni maduka machache, posta na kituo cha polisi. Leo miji hiyo imepanda ghorofa, na nyumba zenye vyoo vya kuvuta maji zimefika hadi kwenye ua wa mkulima. Maji yatokayo vyooni, jikoni na bafuni lazima yaende mahali. Kwa hiyo usishangae ukimsikia chifu akitangaza barazani kwamba kampuni ya maji inataka kujenga kituo cha kusukuma maji taka kule bondeni, na kwamba wananchi wanaombwa watoe maoni juu ya tathmini ya athari kwa mazingira.

Wakulima wengi huenda baraza kama hilo wakasikiliza, wakapiga makofi au wakanung'unika, kisha wakarudi nyumbani. Wengine hukataa mradi wote kwa sababu ya neno lenyewe, maji taka. Njia zote mbili hazimsaidii mkulima. Liko jambo moja la kuulizia kwa bidii kuliko mengine yote, nalo ni hili: siku pampu itakaposimama, maji yale yatakwenda wapi?

KWA NINI PAMPU HUWEKWA BONDENI

Maji taka hutembea katika bomba kwa kuteremka tu. Mji ukiwa juu ya mgongo wa kilima, mabomba yote hushuka hadi mahali pa chini kabisa, na mahali hapo, wewe wajua, ndipo kijito kilipo. Ikiwa mabwawa ya kusafishia yako ng'ambo ya kilima kingine, maji lazima yapandishwe. Basi huchimbwa shimo kubwa la saruji la kuyapokea, hutiwa wavu wa vyuma wa kuzuia matambara na takataka, na pampu huyasukuma katika bomba la kupandisha mpaka juu, ambako huanza tena kuteremka yenyewe.

Kwa hiyo usimdhanie mhandisi nia mbaya kwa kuweka kituo chake karibu na maji yako. Hana mahali pengine pa chini zaidi. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, kituo kikifurika, kijito ndicho cha kwanza kupokea.

Tena tuseme kweli. Mji usio na mabomba hautunzi kijito. Vyoo vya mashimo hufurika wakati wa masika, na magari ya kunyonya maji taka mengine humwaga mzigo usiku mahali pasipo na mtu. Tathmini iliyo nzuri hulinganisha mambo haya yote: kujenga hapa, kujenga pengine, na kutojenga kabisa. Ukikuta mahali pamoja tu pamefikiriwa, uliza kwa nini.

HESABU YA MKULIMA

Tutoe mfano. Kituo kinapokea maji ya watu 10,000. Kila mtu hutumia lita 80 kwa siku, na katika hizo sehemu nane kwa kumi huingia bombani. Hizo ni lita 640,000 kwa siku, au mita za ujazo 640. Ukigawanya kwa saa 24 utapata karibu mita 27 kwa saa. Lakini watu hawaogi usiku kucha. Asubuhi wote huamka pamoja, na saa ile ya kujaa maji yaweza kuwa mara tatu ya kadiri hiyo, yaani mita 80 kwa saa.

Sasa uliza ukubwa wa shimo la kupokea. Tuseme lina nafasi ya mita 40. Umeme ukikatika saa ile ya kujaa, shimo litafurika baada ya nusu saa tu. Ukikosekana asubuhi nzima, saa nne, na maji yakaja kwa kadiri ya mita 50 kwa saa, jumla ni mita 200. Toa 40 zilizobaki shimoni. Mita 160 zimemwagika, nazo ni madebe 8,000 ya lita 20.

Zimemwagika katika maji kiasi gani? Hapa ndipo debe lako linapofaa. Wakati wa kiangazi, tafuta mahali kijito kinapoanguka kidogo, au kizuie kwa udongo na ukipitishe katika kipande cha bomba au bati lililokunjwa. Tega debe la lita 20, na mwenzako ahesabu sekunde. Likijaa kwa sekunde 4, kijito kina lita 5 kwa sekunde, yaani mita 18 kwa saa. Rudia mara tatu, uandike daftarini pamoja na tarehe.

Tazama hesabu hiyo. Kijito mita 18, maji taka mita 50. Asubuhi ile maji taka ni karibu mara tatu ya kijito chenyewe. Ripoti ikisema tu kwamba maji ya mto yatapunguza uchafu, muulize mwandishi wake alipima mto mwezi gani. Mto uliopimwa mwezi wa Mei si mto wa Februari.

Na wakati wa masika hatari ni ya namna nyingine. Watu mjini huunganisha mifereji ya paa na mabomba ya maji taka, ingawa haifai, na mvua huingia pia katika vifuniko vilivyovunjika. Kwa hiyo maji huongezeka sana siku ile ile ya radi ambayo umeme hukatika. Mambo haya mawili huja pamoja, wala si bahati mbaya. Ripoti inayohesabu kila moja peke yake haijamaliza kazi.

HASARA INAYOFIKA SHAMBANI

Maji taka yana vijidudu vya kuhara, vya homa ya matumbo na, ugonjwa ukiwapo mjini, vya kipindupindu. Mama anayeteka maji chini ya kituo hana habari ya kilichotokea juu alfajiri. Kabeji na sukuma wiki zinazoliwa bila kupikwa sana hubeba vijidudu hivyo hadi sokoni. Mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba maji taka yaliyosafishwa, yakitumiwa kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi, yasizidi vijidudu vya kinyesi 1,000 katika mililita 100. Maji taka mabichi huwa na mamilioni.

Lakini mwenye ng'ombe ana hasara yake isiyosemwa mara nyingi. Mtu mwenye tegu hutoa mayai ya mnyoo huyo chooni. Mayai yakifika malishoni kwa maji yaliyofurika, huweza kukaa miezi kadhaa yakiwa hai. Ng'ombe huyala pamoja na majani, na katika nyama yake huota vifuko vidogo vyeupe. Ng'ombe mwenyewe haonekani mgonjwa. Utaijua habari hiyo machinjioni, mkaguzi atakapoikataa nyama, na hakuna atakayekuuliza mto wako ulifurikwa lini.

HARUFU NA HEWA YA SUMU

Kelele za mitambo na vumbi la ujenzi husemwa kwa kurasa nyingi, nazo hupita. Harufu ni jambo la kudumu, na mara nyingi wanaoumia si wale wa karibu na pampu. Maji taka yakikaa muda mrefu ndani ya bomba bila hewa, hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza. Gesi hiyo hutoka pale bomba la kupandisha linapoishia juu ya kilima.

Hesabu tena. Bomba la kilomita 3, lenye upana wa sentimita 25 kwa ndani, hubeba karibu mita za ujazo 147. Mji ukitoa mita 640 kwa siku, maji hukaa bombani kama saa tano na nusu. Lakini miaka ya kwanza, kabla nyumba nyingi hazijaunganishwa, labda zitatoka mita 160 tu, na maji yatakaa saa 22. Kwa hiyo harufu yaweza kuwa mbaya zaidi kituo kikiwa kipya. Mwenye shamba kule mwisho wa bomba aje barazani pamoja na wa bondeni.

Gesi hii huua. Ni nzito kuliko hewa, hukaa chini ya shimo, na ikizidi pua haiisikii tena. Waonye watoto na vijana wa kazi: asishuke mtu shimoni kwa sababu yoyote, hata kumwokoa aliyeanguka, kwa kuwa anayemfuata mwenziwe hufa vivyo hivyo. Uliza kama kutakuwa na ua wenye kufuli na vifuniko vizito.

MASHARTI YA KUDAI

Ukiisha kufanya hesabu, omba vitu vinavyoonekana. Pampu ziwe mbili au zaidi, na moja ikiharibika zilizobaki ziweze kazi yote. Jenereta iwepo, yenye kujiwasha yenyewe, na ielezwe ni nani atakayenunua mafuta yake mwaka wa tano. (Jenereta isiyo na mafuta ni chuma tu, nasi tumeziona nyingi.) Shimo au bwawa la dharura lichimbwe, lenye sakafu isiyovuja, la kutosha saa kadhaa za maji. Msingi na mitambo ya umeme iwe juu ya alama ya mafuriko makubwa ambayo wazee wanaikumbuka. Nendeni mkawaonyeshe alama hiyo, maana mgeni wa mwezi mmoja haijui. Na bomba la kufurikia, kama halina budi kuwapo, lisitokee juu ya mahali mnapoteka maji au mlipofungulia mfereji wa mashamba.

Kubwa zaidi, maji ya kijito yapimwe kabla ya ujenzi, kiangazi na masika, juu ya kituo na chini yake. Bila kipimo cha kwanza hamtaweza kuthibitisha hasara baadaye. Chupa ya kupimia vijidudu lazima iwe safi kabisa, iwekwe katika barafu na ifike maabara siku ile ile. Mwombeni afisa wa afya awaongoze. Bomba likipita katika shamba lako, uliza pia kina chake, lisije likaguswa na jembe la trekta, na malipo ya njia hiyo yaandikwe kabla fundi hajaingia.

SHERIA INASEMAJE

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 42, humpa kila mtu haki ya mazingira safi. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999 hutaka miradi ya namna hii ifanyiwe tathmini na ipate leseni ya NEMA kabla ya kujengwa. Tathmini huandikwa na mtaalamu aliyesajiliwa, naye hulipwa na mwenye mradi. Si siri wala si kosa, lakini ndiyo sababu ya wewe kuisoma kwa macho yako.

Kanuni za mwaka 2003 ziliagiza mwenye mradi afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoguswa, wapewe habari wiki moja kabla, na mahali na saa ziwafae. Ziliagiza pia tangazo litolewe gazetini na redioni wiki mbili mfululizo, na maneno ya wananchi yaandikwe, hata yakisemwa kwa lugha ya nyumbani. Mkutano ukiitwa saa ya kukamua au siku ya soko, semeni mapema ubadilishwe.

Usitegemee maneno ya mdomo peke yake. Andika ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ukipenda, ukitaja kipimo cha kijito, idadi ya ng'ombe wanaokunywa hapo, mboga zinazomwagiliwa na masharti mnayoyataka. Uupeleke kwa ofisi ya NEMA ya kaunti kabla ya siku iliyotajwa katika tangazo, nayo nakala yako ipigwe mhuri. Leseni ikitolewa nanyi hamkuridhika, rufaa hupelekwa kwa baraza la kitaifa la kuamua mizozo ya mazingira, lijulikanalo kwa herufi NET, katika muda wa siku 60.

Kituo kikiisha kujengwa, mwenye leseni hupaswa kufanya ukaguzi wa mazingira na kupeleka ripoti yake NEMA. Ombeni kuiona. Na daftari la debe na sekunde likae kwa katibu wa chama cha watumiaji maji, lijazwe kila mwezi, maana mwaka wa kiangazi kikali hesabu ya mwaka jana haitoshi.