Risasi Isiyo na Mlio: Istilahi za Sayansi na Watoto wa Dandora

Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza mbinu ya kunasa metali nzito kwa protini zinazoshikamana na selulosi. Huenda msomaji akauliza mwanafunzi wa fasihi anatafuta nini maabarani. Jibu liko Dandora, katika mitaa ya Eastlands jijini Nairobi.

Mwaka 2007, Mpango wa Mazingira wa Umoja wa Mataifa ulitoa matokeo ya utafiti uliofanywa karibu na jaa la taka la Dandora. Kati ya watoto 328 waliochunguzwa, nusu ya waliopimwa damu walikuwa na risasi ya maikrogramu 10 au zaidi kwa desilita. Shirika la Afya Duniani linashikilia kuwa hakuna kiwango cha risasi kisicho na madhara. Sumu hii huathiri ubongo wa mtoto na uwezo wake wa kujifunza.

Tatizo la neno

Neno risasi, lenye asili ya Kiarabu, lilitaja metali kwanza. Kifyatuliwacho na bunduki kilirithi jina hilo kwa kuwa kilisubuliwa kwa metali hiyo. Leo maana ya pili imeifunika ya kwanza. Mzazi wa Korogocho akiambiwa kuwa mwanawe ana risasi mwilini, atatafuta jeraha. Hali hii ya polisemia si suala la mtihani wa semantiki tu, bali ni suala la afya. Tunapendekeza 'metali ya risasi' itumike kikamilifu katika kila tangazo, pasipo kufupishwa.

Mbinu yenyewe

Selulosi ndiyo nyuzi za pamba, karatasi na mabua ya mahindi. Baadhi ya bakteria wanaoila wana vimeng'enya vyenye sehemu mbili: moja huishika selulosi, nyingine huikata. Wanasayansi huchukua ile inayoshika. Aidha, viumbe wengi wana protini au peptidi zenye sisteini nyingi, ambazo salfa yake huvuta metali. Mojawapo, metalothionini, iligunduliwa mwaka 1957 katika figo ya farasi.

Jeni za sehemu hizo mbili zikiunganishwa na kutiwa ndani ya bakteria, hupatikana protini moja yenye mikono miwili: mmoja umeshika selulosi, mwingine unanasa metali. Mwaka 2002, Wilfred Chen na wenzake nchini Marekani walieleza mbinu ya namna hii ya kuondoa kadimi majini. Faida yake ni kwamba selulosi, ambayo ni rahisi kupatikana, huitenga protini hiyo na kuishikilia kwa hatua moja.

Uteuzi wa istilahi

Protini hiyo tuiite nini? 'Protini mseto' linavutia, hasa kwa Wakenya walioishi chini ya serikali ya mseto iliyoundwa mwaka 2008. Hata hivyo, katika mseto wa mchele na choroko kila punje hubaki peke yake. Hapa sehemu zote mbili zimo katika mnyororo mmoja. Kwa hiyo 'protini unganifu' ni bora, kwani kiambishi -fu huonyesha hali iliyokamilika, kama ilivyo katika 'kamilifu'. Kwa mfano wa 'kinasasauti', sehemu inayonasa tuiite 'kinasametali'. Sehemu inayoshika tuiite 'kishikizi cha selulosi', kwani kila aliyewahi kufunga shati anajua kazi ya kishikizi.

Hitimisho

Protini unganifu si tiba ya mtoto aliyekwisha kudhurika, wala haiangamizi metali. Huihamisha tu, nayo hubaki ikihitaji kutunzwa mahali salama. Jaa nalo ni la kushughulikiwa na wenye mamlaka. Hata hivyo, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na ikampa kila mtu haki ya mazingira safi. Haki hizo mbili hukutana Dandora. TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Ni jukumu letu kuuendeleza msingi huo. Mkaazi asiyeelezwa sumu yake kwa lugha anayoielewa hawezi kudai iondolewe.