Binti Anapoonewa na Wenzake Shuleni

Kila mwaka kidato cha kwanza kinapoingia bwenini, sisi wauguzi huanza kupokea mgonjwa wa aina moja. Ni binti wa miaka 13 au 14. Tumbo linamsokota, kichwa kinamgonga, usingizi hapati, chakula hakipiti. Tunapima malaria, hakuna. Mkojo na choo ni safi. Anapewa dawa ya maumivu, anarudi shuleni, na baada ya wiki yuko tena kwenye benchi letu. Likizo ikifika, anapona bila dawa.

Wengine husema anadeka. Wengine hudai ana mapepo. Wengine, na hili linatusikitisha zaidi, humshuku mimba kabla hata ya kumwuliza neno. Ndugu zetu, tumbo lile linauma kweli. Mtu akikaa na hofu siku nyingi, mwili wake hukaa kama wa mtu anayetaka kukimbia: moyo huenda mbio, misuli ya shingo hukaza, tumbo huvurugika, usingizi hukatika. Vipimo vikiwa safi, ni vema tuulize hofu hiyo inatoka wapi, na mara nyingine inatoka kwa wasichana wenzake.

Si kila ugomvi ni uonevu. Mtaalamu Dan Olweus, aliyeanza kuchunguza jambo hili katika shule za Skandinavia miaka ya 1970, alitaja alama zake: ni tendo la makusudi, linarudiwa mara kwa mara, na anayetendewa hana nguvu ya kujitetea. Wala si jambo la shule moja. UNESCO ilieleza mwaka 2019 kwamba duniani karibu mwanafunzi mmoja kati ya watatu alionewa na wenzake angalau mara moja katika mwezi mmoja.

Wavulana wakipigana, mzazi ataona jicho lililovimba. Wasichana mara nyingi hawagusi mwili. Wanamnunia. Akikaa mezani, wote wanahama. Wanampa jina la kukejeli rangi yake, kifua chake, lafudhi ya kwao au sketi yake iliyofifia. Wanaeneza uvumi kwamba ana mwanamume. Doa la hedhi kwenye nguo hutangazwa bweni zima, na tunajua wasichana ambao siku hizo hawatoki kwenda darasani. Kisha wapo dada wakubwa wanaomfanya mgeni achote maji yao, afue nguo zao, na kufungua tranka lake watoe sukari na sabuni. Kwenye shule za kutwa matusi humfuata hadi kitandani, kwa njia ya simu.

Sisi tuliolala mabwenini zamani tunapenda kusema, "Hata sisi tulipitia hayo." Ni kweli tulipitia. Lakini wenzetu walioacha shule kwa sababu hiyo hawapo hapa kutusimulia.

Basi mzazi afanye nini? Kwanza mpeleke apimwe, maana malaria haichagui. Kisha tafuta nafasi ya kuwa naye peke yake, katika kazi, mkichambua mboga au mkienda kisimani. Usimwulize kama mpelelezi. Uliza, "Bwenini unakaa na nani? Mnakula na nani?" Binti asiye na jina la kutaja amekwisha kujibu. Akianza kusema, usimkatize kwa "kaza moyo" wala "nawe umewafanyia nini?" Mara nyingi shangazi au bibi husikia zaidi kuliko mama, na si aibu kumwomba msaada.

Usiende shuleni kumfokea mtoto wa mwenzako getini. Jioni atakayelipa ni binti yako. Onana na matroni au mwalimu wa malezi, ukiwa na mambo yaliyoandikwa: nini, lini, wapi. Omba ahamishiwe kitanda au bweni, na uulize ni lini mtaonana tena. Wakipuuza, nenda kwa mkuu wa shule. Hapa Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda kila aliye chini ya miaka 18 dhidi ya ukatili, na namba 116 hupigwa bure.

Akitamka kwamba ni afadhali afe, au akianza kugawa vitu vyake, usingoje Jumatatu. Asiachwe peke yake, ondoa vidonge na sumu ya wadudu mahali anapofika, mlete hospitali siku hiyo hiyo. Kumwuliza wazi kama anafikiri kujiua hakumpandikizii wazo hilo, humpunguzia mzigo.

Na ukiitwa shuleni kuambiwa kuwa mwonevu ni binti yako, usikimbilie kukana, wala kushika fimbo. Tazama kwanza nyumbani anasemeshwaje, na nani alimwonea yeye alipokuwa kidato cha kwanza. Kisha arudishe sukari na sabuni alizochukua, kwa mkono wake, mbele ya matroni.