Tela la Mjomba na Somo la Kutu

Likizo iliyopita mjomba wangu wa Mabogini aliniuliza swali nikalijibu vibaya. "Mwalimu," alisema, "hili tela nilipake rangi au niliuze chuma chakavu?" Mimi nasoma ualimu mwaka wa tatu, na somo langu la kufundishia ni kemia. Kutu naijua tangu kidato cha kwanza. Nikalizunguka tela mara moja, nikakwangua kwa ukucha, nikasema kwa kujiamini kabisa: "Mjomba, piga msasa, paka rangi, litakaa tu."

Jibu lile nusura liumize watu. Naliandika hapa kwa sababu nahisi wengi wetu tungejibu vile vile.

Kwa msiofika, Mabogini iko tambarare, kusini mwa mji wa Moshi. Mlima unauona vizuri asubuhi, lakini chini ni joto na mpunga. Maji ya mito ya Rau na Njoro huja mashambani kwa mifereji ya mradi wa Lower Moshi, uliojengwa kwa ufadhili wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Kazi nyingi zinafanywa na pawatila, hasa tangu Kilimo Kwanza ya mwaka 2009 ilipozisambaza kwa wingi nchini. Pawatila ikimaliza kulima inafungwa tela. Tela linabeba magunia ya mpunga, mbolea, mabua na, tuseme ukweli, linabeba watu. Alfajiri ya msimu wa kupandikiza utawaona akina mama wamekaa juu yake wakielekea majarubani. Mjomba anaishi kwa kukodisha tela hilo, na kodi ya chumba changu hapa chuoni inatoka humo humo.

Tulichofundishwa, na kilichobaki

Wote tunakumbuka jaribio la misumari. Mrija wa kwanza una maji na hewa, wa pili una hewa kavu, wa tatu una maji yaliyochemshwa na kufunikwa mafuta. Msumari wa kwanza tu unashika kutu. Hitimisho: chuma kinahitaji maji na oksijeni ili kipate kutu. Ukiandika hivyo kwenye mtihani unapata maksi zako. Lakini tela lilinidai mambo matatu zaidi.

Kwanza, kutu haikingi chuma. Sufuria ya aluminiamu nayo inaungana na oksijeni, ila utando wake unang'ang'ania na kuzuia hewa isiendelee. Kutu ya chuma inachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya chuma kilichoizaa, kwa hiyo inavimba, inabanduka, na kuacha chuma kipya wazi. Kazi inaanza upya.

Pili, chumvi inaharakisha. Kutu ni kazi ya umeme mdogo unaopita kwenye maji, na maji yenye chumvi yanaupitisha vizuri zaidi. Mbolea kama SA ni chumvi, tena inavuta unyevu. Gunia likipasuka, punje zikajipenyeza kwenye kona pamoja na tope na makapi, kona hiyo inabaki mbichi hata siku ya jua.

Tatu, kutu inajificha. Fremu ya tela la mjomba ilikuwa ya bomba za mraba. Maji yanaingia kwenye matundu ya bolti, hayana pa kutokea, chuma kinaliwa kutoka ndani. Upande unaouona ndio wa mwisho kupata habari.

Nyundo na bisibisi

Mjomba, kwa bahati nzuri, hakuniamini sana. Alilivuta tela hadi kwa fundi mmoja mzee wa kuchomelea. Baada ya shikamoo na maelezo, nikarudia ushauri wangu wa rangi. Mzee hakubisha. Alinipa nyundo ndogo akasema, "Gonga, sikiliza."

Nikagonga fremu kuanzia nyuma. Chuma kizima kinalia, ting, na nyundo inaruka. Nilipofika kwenye mkono, yaani kile kipande kinachotoka mbele ya tela kwenda kushikwa kwa pini kwenye pawatila, sauti ikabadilika: dub, kama kugonga ndoo yenye mchanga. Mzee akachukua bisibisi, akaiegemeza pale mkono unapoungana na fremu, akasukuma kwa kiganja. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini. Unga mwekundu ukamwagika chini.

"Hapa ndipo ulipotaka kupaka rangi, mwalimu?"

Mjomba alikaa kimya muda mrefu. Halafu akasema taratibu, "Jumatatu nilikuwa nibebe akina mama kumi."

Kwa nini pale hasa? Fikiria tawi la mwembe. Ukining'inia kwenye ncha, linavunjika karibu na shina, kwa sababu ndipo nguvu ya kupinda inapokuwa kubwa. Mkono wa tela uko hivyo hivyo kila pawatila inaporuka shimo. Sasa weka hesabu: ukuta wa bomba wa milimita 3 ukiliwa nusu milimita nje na nusu ndani, umebaki na 2. Theluthi ya chuma imekwenda, na kwa macho bomba ni lile lile. Tena vishimo vya kutu ni mwanzo mzuri wa ufa, na ufa unakua kila mtikisiko.

Kutengeneza au kununua?

Mzee alinifundisha kugawa tela mafungu mawili: chuma kinachobeba na chuma kinachofunika. Pleti ya sakafu na mbao za pembeni zinafunika. Zikitoboka utamwaga mpunga; ni hasara, lakini watu watarudi nyumbani. Fremu, mkono, ekseli na habu za magurudumu vinabeba. Hapo huulizi kutu ni nyingi kiasi gani, unauliza iko wapi.

Kanuni yake ni hii. Kama ekseli na habu ni nzima na kilichooza ni mkono au boriti moja mbili, tengeneza. Kama boriti zote zinatoa sauti ya dub na ekseli imeliwa, nunua jingine, kwa sababu utakuwa unachomelea chuma kizima kwenye uoza.

Ya mjomba ekseli ilikuwa nzima. Bei zikawa tatu. Kubandika viraka na kupaka rangi: shilingi 180,000. Kubadilisha mkono, boriti mbili na sakafu: 620,000. Tela jipya: 2,600,000. Mzee alikadiria matengenezo yatakaa miaka minne na tela jipya miaka kumi. Gawanya: 155,000 kwa mwaka dhidi ya 260,000. Kiraka kilikuwa rahisi kuliko vyote, ila hakikuwa na hesabu ya akina mama kumi ndani yake. Mjomba akakopa VICOBA, akapoteza wiki nzima ya kukodisha, akachagua 620,000.

Kazi ilivyofanyika

Walikata uoza mpaka wakafika kwenye chuma kinachong'aa. Kuchomelea kiraka juu ya kutu kunafungia unyevu katikati, na kutu inaendelea kula huku wewe umeridhika. Badala ya bomba wakaweka chaneli, ambayo iko wazi upande mmoja: maji hayatuami, na brashi inafika kote. Wakatoboa matundu kwenye kona za sakafu. Wakasugua kwa brashi ya waya, wakapaka red oksaidi siku ile ile kabla umande haujashuka, halafu rangi mbili juu.

Kuna jambo moja nilimwambia mzee, akalipokea. Pembeni walitaka kutumia kipande kilichopakwa zinki. Zinki inachemka kwenye nyuzi 907 hivi, chini sana ya joto la kuchomelea, na moshi wake mweupe unaleta homa na kutetemeka usiku. Maziwa wanayokunywa mafundi yanakwenda tumboni, hayasafishi mapafu. Wakaiondoa zinki kwa grinda kwanza, wakachomelea nje penye upepo. Angalau kemia yangu ililipa nauli.

Kwa tunaokwenda TP

Msimu huu mjomba analiosha tela kila akibeba mbolea, na mwanzo wa mwezi analigonga kwa nyundo, boriti hadi boriti. Binti yake wa kidato cha kwanza ndiye anayesikiliza.

Nikipangiwa TP nitafanya jaribio la misumari kama kawaida, maana mtihani unalitaka. Lakini nitaongeza kipindi kimoja nje ya darasa. Kila shule ina dawati lenye miguu ya chuma, geti au goli lililoshika kutu. Tutachukua nyundo, tutagonga, na kila mwanafunzi ataandika mambo mawili: kutu iko wapi, na chuma hicho kinabeba nini.