Fedha za kumfunza mwalimu wa darasa la kwanza zinaishia wapi?

Mwaka 2013 watoto wa darasa la pili nchini Tanzania walipimwa kusoma, mmoja mmoja, kwa hadithi fupi ya Kiswahili iliyofuatiwa na maswali machache. Waliosoma na kuelewa kwa kiwango kilichotarajiwa walikuwa kama asilimia 8. Kabla ya hapo, utafiti wa Uwezo, uliowafuata watoto majumbani, ulikuwa umeonyesha kwamba katika kila watoto kumi wa darasa la tatu ni watatu tu walioweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili.

Takwimu hizo ziliwashtua watu. Tangu hapo mabilioni ya shilingi yametumika kuwafunza walimu wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu. Kenya nayo ilipitia mshtuko wake na kuwekeza kwa njia yake. Bado kazi ni kubwa: mwaka 2022 Benki ya Dunia ilikadiria kwamba katika Afrika kusini mwa Sahara, watoto 89 kati ya 100 wenye umri wa miaka kumi hawawezi kusoma na kuelewa habari rahisi. Maswali yafuatayo ndiyo yanayorudi tena na tena kwa wazazi, madiwani na walimu wenyewe kila fedha za mafunzo zinapotajwa.

Mwalimu amehitimu chuo. Kwa nini afundishwe tena kufundisha kusoma?

Kwa sababu kumfundisha mtoto kusoma ni utaalamu wa peke yake, na kwa muda mrefu haukupewa uzito unaostahili katika mafunzo ya ualimu. Mwalimu anayekabidhiwa darasa la kwanza bila utaalamu huo hufanya kama alivyofanyiwa yeye. Anaandika ba be bi bo bu ubaoni, anashika fimbo ya kuonyeshea, watoto wanaitikia kwa pamoja. Darasa linanguruma. Mgeni akipita dirishani huona kazi inafanyika kweli. Lakini akiingia na kuonyesha bo peke yake, bila kuanzia ba, watoto wengi hunyamaza. Walichokariri ni wimbo.

Kiswahili kina neema kubwa hapa, kwa kuwa huandikwa karibu kama kinavyotamkwa. Mtoto akiijua sauti ya kila herufi na akaweza kuziunganisha, anaweza kusoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Sharti lake ni kwamba afundishwe sauti yenyewe. Anayeambiwa hii inaitwa “em” na ile inaitwa “ei” hatapata ma, hata akiziunganisha mchana kutwa. Baada ya hapo zinakuja ny, ng', dh, gh na mbw, kisha maneno marefu kama watakapowaletea, ambalo ni neno moja lakini limebeba habari ya sentensi nzima. Kwa sababu ya urefu huo, Kenya iliweka lengo la maneno 45 kwa dakika kwa msomaji fasaha wa Kiswahili na 65 kwa Kiingereza.

Kuna pia watoto wa vijijini Shinyanga au Mtwara wanaoanza shule wakiwa na Kisukuma au Kimakonde, na Kiswahili wakikijua nusunusu. Hao wanahitaji kuzungumza na kusimuliwa kwanza, wapate maneno ya kuyatambua watakapoyakuta kitabuni. Mwalimu ambaye hajafunzwa hilo huwahesabu kuwa wazito wa kuelewa, na mtoto aliyeitwa mzito akiwa na miaka saba huchukua muda mrefu kuacha kuliamini jina hilo.

Fedha za mafunzo hayo hutoka wapi?

Kwa sehemu kubwa hazitoki shuleni. Ruzuku ya uendeshaji kwa shule za msingi za umma Tanzania ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka: 6,000 huenda shuleni na 4,000 hubaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Kiwango hicho kina mizizi katika mpango wa elimu ya msingi ulioanza mwaka 2002, kilipokaribia dola 10 za Marekani. Bei za chaki, karatasi na mafuta zimepanda mara nyingi tangu wakati huo. Katika shilingi 6,000 mwalimu mkuu anatakiwa apate vifaa, mitihani, ukarabati na michezo. Mafunzo hayapati nafasi hapo.

Mishahara nayo humeza sehemu kubwa ya bajeti ya elimu, kwa hiyo mafunzo kazini yameegemea miradi. Mpango wa LANES, ulioanza mwaka 2014, ulipata dola milioni 94.8 kutoka Ushirika wa Kimataifa wa Elimu, ukawafunza walimu wa madarasa ya mwanzo na kugharimia vitabu. Siku hizi kuna mradi wa BOOST, wa dola milioni 500 za Benki ya Dunia, ambao hutoa fedha kadiri matokeo yaliyokubaliwa yanavyothibitishwa. Hizo za BOOST ni mkopo. Watakaoulipa ni pamoja na watoto walioko darasa la kwanza leo, na hiyo pekee ni sababu tosha ya kudai kila shilingi ijulikane imefanya nini.

Semina ya wiki moja ina kasoro gani?

Semina peke yake haifiki mbali. Fedha zake nyingi huishia kwenye posho, nauli, ukumbi na chakula. Maarifa nayo hupungua njiani: mwezeshaji wa taifa anamfunza wa mkoa, wa mkoa anamfunza wa wilaya, na mwalimu wa kijijini anapata masalio ya siku mbili. Anarudi na daftari lenye maelezo mazuri, anakuta darasa lilelile, vitabu vilevile vichache, na hakuna wa kumuuliza anapokwama Jumatatu asubuhi.

Afrika Kusini ililipima jambo hili kwa umakini. Kuanzia mwaka 2015, katika jimbo la North West, shule 230 zinazofundisha kusoma kwa Kitswana ziliingizwa katika utafiti. Kundi moja la walimu lilipata maandalio ya masomo, vitabu vya kusoma na mafunzo ya pamoja kituoni. Kundi jingine lilipata maandalio na vitabu hivyohivyo, lakini mkufunzi aliwafuata darasani, akawatazama wakifundisha na kuwasaidia papo hapo. Baada ya miaka miwili watoto wa kundi la pili walikuwa wamepiga hatua karibu mara mbili ya wenzao. Kumtembelea mwalimu kuligharimu zaidi kwa kila shule, lakini gharama hiyo ikipimwa kwa maendeleo ya watoto katika kusoma, ndiyo iliyokuwa na faida zaidi.

Kenya ilifanya nini hadi ikasifiwa?

Ilijaribu kwanza, ikapima, ndipo ikapanua. Kati ya mwaka 2011 na 2014, mradi wa majaribio ulioitwa PRIMR ulizigawa shule katika makundi. La kwanza lilipata mafunzo ya walimu na kutembelewa na wakufunzi. La pili lilipata hayo pamoja na kitabu kwa kila mtoto. La tatu lilipata yote hayo na nyongeza moja: kiongozi cha mwalimu chenye andalio la kila somo, siku kwa siku. Mafunzo na matembezi peke yake yalileta mabadiliko madogo. Kundi la tatu ndilo lililoongoza.

Matokeo hayo yanawasumbua baadhi ya walimu, na wana haki ya kuuliza. Je, kumpa mwalimu andalio lililokwisha kuandikwa si kumdharau? Jibu la uaminifu ni kwamba inategemea andalio lenyewe. Likiwa refu, lenye kurasa tatu za maelezo kwa kipindi cha dakika 30, litaachwa kabatini. Likiwa fupi, linamwondolea mwalimu mzigo wa kuandaa masomo usiku kucha na kumwachia nguvu za kumtazama mtoto anayebaki nyuma. Aliyeiva ataliboresha. Anayeanza atakuwa na pa kushika.

Mwaka 2015 Kenya iliyachukua mafunzo hayo hadi shule za msingi za umma nchi nzima, zaidi ya 20,000, kwa jina la Tusome, kwa ufadhili mkubwa wa Marekani na Uingereza. Jambo lililoipa nguvu ni dogo kwa kulitazama. Kenya tayari ilikuwa na maafisa wa serikali waliopaswa kuwasaidia walimu, lakini wengi walikaa ofisini kwa kukosa nauli na kwa kulemewa na kazi nyingine. Tusome iliwapa vishikwambi vyenye fomu ya kurekodi somo waliloliona, pamoja na kipimo cha haraka cha kusoma kwa watoto watatu. Kifaa kilionyesha afisa alikuwa shule gani, na fedha za usafiri zililipwa kwa kufuata matembezi yaliyothibitishwa. Hakuna wizara mpya iliyoundwa. Afisa yuleyule, mwenye mshahara uleule wa serikali, aliwezeshwa kufika darasani, na ufaulu wa kusoma wa watoto wa darasa la pili ukapanda kwa kiasi kisichozoeleka katika mpango wa nchi nzima.

Basi kwa nini fedha zisitumike kuwanunulia watoto vishikwambi?

Hilo nalo lilijaribiwa, Kisumu, ndani ya PRIMR. Katika kundi moja waliopewa vifaa vya kielektroniki ni wakufunzi, katika jingine walimu, katika jingine wanafunzi. Kuwapa watoto hakukuongeza cha maana juu ya kile kilichopatikana kwa vitabu vya karatasi na walimu waliofunzwa, na kuligharimu zaidi. Kishikwambi cha mkufunzi ndicho kilichorudisha gharama yake.

Na kuzipeleka fedha moja kwa moja shuleni, walimu wajiamulie?

Ni wazo linalovutia, kwa sababu linawaheshimu walimu. Shirika la Twaweza na watafiti wenzake walilipima Tanzania katika mpango wa KiuFunza, shule 350 za wilaya kumi, mwaka 2013 na 2014. Shule zilizopewa ruzuku ya ziada peke yake hazikuonyesha maendeleo ya watoto katika mitihani. Zilizopewa ruzuku pamoja na bakshishi kwa mwalimu kwa kila mtoto aliyefaulu ndizo zilizoonyesha tofauti. Ukiusoma utafiti huo bila kuutia chumvi, unasema kwamba fedha zinahitaji kuambatana na jambo linalobadilisha kinachotokea darasani. Hausemi kwamba shule hazihitaji fedha.

Darasa lenye watoto zaidi ya 100 linasaidiwaje na mafunzo?

Kwa kiasi tu. Elimu bila ada ilipoanza Tanzania Januari 2016, uandikishaji wa darasa la kwanza uliruka, na shule nyingi zilibaki na walimu walewale na vyumba vilevile. Mafunzo yanaweza kumpa mwalimu mbinu za kugawa makundi na kusomesha kwa zamu wawili wawili. Hayawezi kumpa masikio ya kuwasikiliza watoto 100, kila mmoja, katika wiki moja. Anayetaka mafunzo yazibe pengo la upungufu wa walimu anambebesha mwalimu deni lisilo lake.

Wafadhili wakiondoka, itakuwaje?

Swali hili si la kufikirika tena. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1 mwaka huohuo shirika lake la USAID likafungwa. Ni shirika hilo lililokuwa mhimili wa Tusome ya Kenya, na wa miradi ya Tusome Pamoja na Jifunze Uelewe kwa upande wa Tanzania, katika mikoa kama Iringa, Morogoro, Mtwara na Ruvuma, na Zanzibar.

Vitabu vilivyokwisha kuchapwa vinabaki, na walimu waliofunzwa wanabaki kwa muda. Kinachokufa kwanza ni nauli ya afisa, na matembezi yakikoma mwalimu hurudi taratibu kwenye ba be bi bo bu ya kukariri. Tanzania ina pa kuanzia: mfumo wa MEWAKA, wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, unaowakutanisha walimu katika jumuiya za ujifunzaji shuleni mwao na katika vituo vya walimu vya kata. Ni wa gharama nafuu na unawaamini walimu. Hatari yake ni vikao kugeuka orodha ya mahudhurio, ikiwa hakuna anayeingia darasani kuona kilichojadiliwa kikifanyiwa kazi. Mafuta ya pikipiki ya afisa elimu kata na uchapishaji wa vitabu vinapaswa kuwa na kasma ya kudumu katika bajeti ya kila mwaka, inayolindwa kama mishahara inavyolindwa. Kwa kuwa maafisa hao tayari wanalipwa na serikali, nyongeza hiyo iko ndani ya uwezo.

Mjumbe wa kamati ya shule au diwani aulize nini?

Aanze na jina: nani anafundisha darasa la kwanza mwaka huu, na je, ndiye aliyekwenda kwenye mafunzo? Mara nyingi aliyefunzwa amehamishwa, amestaafu, au amepandishwa darasa la saba kwa sababu mwalimu mkuu anapimwa kwa mtihani wa taifa. Kisha aulize afisa elimu kata alikaa lini mara ya mwisho nyuma ya darasa hilo kipindi kizima, na alimwachia mwalimu ushauri gani. Aombe kuona vitabu mikononi mwa watoto, maana vilivyofungiwa ofisini visichakae havimsaidii mtoto yeyote. Katika kikao cha bajeti cha halmashauri atafute mstari wa mafunzo ya KKK na aone ni kiasi gani kimepangwa kwa posho za semina na kiasi gani kwa matembezi ya darasani. Na akiwa shuleni, kwa ruhusa ya mwalimu, amwombe mtoto mmoja wa darasa la pili amsomee ukurasa ambao darasa bado halijaufikia.