SOMO LA ROBO HII: KUBADILI SAA KWA KOMPYUTA BILA KUPOTEZA WATU



Katika somo hili tunapenda tujifunze pamoja kutokana na kosa tulilolifanya sisi wenyewe ofisini. Wageni wetu walipanga kutembelea kikundi cha kina mama wakulima wa mwani huko Jambiani. Ratiba tuliiandika kwa saa zetu za Kiswahili: gari liondoke Mji Mkongwe saa 2 asubuhi, mkutano uanze saa 4 asubuhi. Kwa ajili ya wageni tulihitaji nakala ya saa za kizungu, na kwa haraka tuliamua kutumia “tafuta na badilisha” ya kompyuta.

Kosa lilivyotokea

Tulianza na saa 1, tukaiambia kompyuta iandike saa 7. Kisha saa 2 ikawa saa 8, saa 3 ikawa saa 9, tukaendelea hivyo hadi saa 12. Hatukukumbuka kwamba tutakapofika saa 8, kompyuta itaikuta pia ile iliyotokana na saa 2, na kuigeuza saa 14. Ndivyo gari la saa 2 lilivyoandikwa 14:00, na mkutano wa saa 4 ukawa 16:00.

Saa 10 jioni nayo iligeuka “saa 130”, kwa sababu ndani ya “saa 10” kuna “saa 1”, na ndani ya “saa 70” kuna “saa 7”. Hiyo tuliicheka na kuisahihisha kwa mkono. Lakini 14:00 na 16:00 zilionekana kuwa saa za kweli, na neno “asubuhi” lilikuwa limeondolewa katika tafsiri. Hakuna aliyeshtuka.

Siku hiyo ilikuwa ya bamvua. Kina mama waliacha mashamba yao wakati maji yamekupwa, wakatungoja. Wageni walifika jioni, maji yamejaa, na kina mama wamekwisha kutawanyika. Siku ya kazi ikapotea, na kuaminiwa kwetu kukapungua.

Kanuni ya hesabu

Saa za Kiswahili zinahesabiwa tangu kucha na tangu kuchwa. Hapa Unguja, karibu na ikweta, jua huchomoza na kutua karibu na 6 ya kizungu mwaka mzima. Kwa hiyo:

1. Saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni: jumlisha 6. Saa 3 asubuhi ni 9:00. Ndiyo saa ambayo muda aliopewa Sultani Khalid bin Barghash na Waingereza ulimalizika, tarehe 27 Agosti 1896, na mizinga ikaanza kulipiga jumba lake dakika chache baadaye.
2. Saa 1 usiku hadi saa 12 asubuhi: jumlisha 18, ikifika 24 au kuzidi, toa 24. Saa 2 usiku ni 20:00. Saa 6 usiku ni 0:00. Saa 12 asubuhi ni 6:00.
3. Dakika hazibadiliki.

Namna ya kufanya

Programu za kawaida za kuandikia, kama Microsoft Word, zinaweza kutafuta namba na kuirudisha ilivyo, lakini katika kubadilisha hazijumlishi. Hesabu fanyeni wenyewe, mkifuata hatua hizi:

• Wekeni nakala ya faili la awali.
• Tafuteni maneno yote matatu, mfano “saa 2 asubuhi”, wala si “saa 2” peke yake.
• Andikeni jibu kwa sura nyingine, “8:00”, bila neno “saa”, lisije likabadilishwa mara ya pili.
• Msibadilishe namba tupu. Ratiba ina tarehe, fedha, simu na idadi ya watu pia.

Kwa mafaili mengi, mwenye ujuzi anaweza kutumia programu ya Vim, ambayo hujumlisha yenyewe. Amri hii hugeuza “saa 8 mchana” kuwa “14:00”:

:%s/saa \(\d\+\) mchana/\=(submatch(1)+6).":00"/g

Zenye dakika, kama “saa 8:30 mchana”, amri hii haizigusi. Zirekebishwe kwa mkono.

Mwishowe, mtu wa pili asome nakala zote mbili kwa sauti, mstari kwa mstari. Kama tungefanya hivyo, ingetuchukua dakika chache tu.

Zoezi la kamati

1. Badilini: saa 5 usiku, saa 8 usiku, saa 12 jioni. (Majibu: 23:00, 2:00, 18:00.)
2. Katika usharika wenu, nani husoma ratiba kabla haijatumwa kwa wageni?
3. Ratiba ikikosewa, nani hupoteza siku yake ya kazi?

Wafadhili wetu nao tunawaomba: mkiona saa yenye mashaka, tuulizeni kabla ya safari. Tulirudi Jambiani kuomba radhi, na safari hiyo tuliwauliza kina mama kwanza maji yanakupwa saa ngapi.