Vita vya Mau Mau na vya Algeria: chanzo kimoja?

*Mwanangu wa sekondari ameambiwa alinganishe vyanzo vya vita vya Mau Mau na vya Algeria. Tuanzie wapi?*
*Mzazi, Nyeri*

Kazi hii hutatiza kwa sababu chanzo huchanganywa na tukio lililowasha vita. Hali ya hatari iliyotangazwa Kenya Oktoba 1952 na mashambulizi ya Novemba 1954 nchini Algeria vilikuwa cheche tu. Kiini, kote kuwili, kilikuwa ardhi iliyotwaliwa kwa ajili ya walowezi, na wenyeji kunyimwa sauti serikalini. Nchini Kenya, kipande (kitambulisho ambacho Waafrika walilazimishwa kubeba) na kodi viliwasukuma watu kwenye kazi za ujira duni. Askari wengi waliorudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia walijikuta hawana ardhi.

Tofauti zipo. Ufaransa iliihesabu Algeria kuwa sehemu yake, na wapiganaji wa huko walipata kambi Tunisia na Moroko. Wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua hawakuwa na nchi jirani ya kuwahifadhi.

Mwanafunzi achore safu tatu: vyanzo vya muda mrefu, vya karibu, na cheche. Kisha azuru Makumbusho ya Nyeri na kuwauliza wazee. Akikwama kupanga hoja, amwone mwalimu wa historia mapema.