Nuru Inapozidi Kiasi: Kufundisha Usanisinuru kwa Mfano wa Bakteria wa Ziwani

Utangulizi

Katika kipindi kimoja cha mazoezi ya kufundisha nilikaa nyuma ya Darasa la Tano, nikimsikiliza mwalimu mwanafunzi akieleza jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Alifundisha kwa utaratibu mzuri, kisha akahitimisha kwa kuandika ubaoni: "Mwanga ukizidi, chakula huzidi." Binti mmoja akanyosha mkono. "Mwalimu, nyumbani tulitoa miche ya kahawa kitaluni tukaiweka juani. Majani yalipauka, halafu yakababuka. Mbona haikunawiri?" Darasa likacheka. Mwalimu akajibu kwamba hilo halikuwa katika somo la siku ile. Binti akaketi, na mpaka kengele ilipolia hakunyosha mkono tena.

Makosa hayakuwa ya binti. Sentensi iliyoandikwa ubaoni ilikuwa kweli kwa sehemu tu, na mwalimu hakuwa na maarifa ya kutosha kuikamilisha. Kusudi la makala haya ni kumpa mwalimu mwanafunzi maarifa hayo, pamoja na njia ya kuyafikisha kwa watoto bila vifaa vya gharama.

Maarifa ya msingi kwa mwalimu

Tuanze na kiumbe mdogo ambaye siri hii imechunguzwa sana kwake. Maji ya Ziwa Bogoria, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, mara nyingi huwa ya kijani kilichokolea. Rangi hiyo huletwa na bakteria wadogo waitwao Arthrospira, ambao ndio chakula kikuu cha ndege aina ya heroe mdogo. Wao ni wa jamii ya sianobakteria, waliokuwa wakiitwa zamani mwani wa kijani-buluu. Viwiti vilivyomo ndani ya majani ya mimea vina asili yake katika sianobakteria wa kale. Kwa hiyo anayemwelewa bakteria huyu amekwisha kuanza kulielewa jani.

Ndani ya bakteria huyu kazi hutendeka hivi. Mitego ya rangi hunasa nuru na kuipeleka kwenye kituo kiitwacho mfumo wa pili. Hapo maji hupasuliwa, oksijeni hutoka, na elektroni huanza safari. Elektroni hupita kwa wachukuzi kadhaa mpaka mfumo wa kwanza, ambako nuru huzisukuma kwa mara ya pili. Mwisho hutumika kuigeuza kabonidayoksaidi kuwa sukari. Katika safari hiyo hiyo hupatikana nishati ya kuendeshea kazi nyingine za seli.

Tatizo ni kwamba hatua hizi hazina kasi moja. Nuru hunaswa kwa haraka mno, lakini utengenezaji wa sukari huenda polepole. Jua likiwaka sana, elektroni hujazana njiani kama watu mlangoni. Nishati iliyokosa kazi huangukia oksijeni na kuifanya kali, nayo huharibu protini, mafuta na rangi za seli. Hivyo kinachodhuru ni nuru iliyonaswa ikakosa pa kwenda.

Taabu huongezeka mwanga unapobadilika ghafla. Katika maji mazito ya kijani mwanga hufifia upesi kadiri unavyoshuka chini. Upepo unapoyachafua maji, bakteria aliyekuwa gizani huletwa juu penye jua la mchana kwa muda mfupi tu. Kwa sababu hiyo sianobakteria wana njia kadhaa za kujikinga.

Njia ya kwanza ni kuipunguza nuru mlangoni. Iko protini iliyobeba rangi ya jamii ya ile ya karoti. Katika mwanga hafifu huwa ya rangi ya chungwa. Mwanga wa buluu ukiwa mkali hugeuka nyekundu, hujishikiza kwenye mitego ya nuru na kuitoa nishati ya ziada kama joto. Giza likirudi, nayo hurudia rangi yake ya kwanza. Protini hii ilielezwa na Holt na Krogmann mwaka 1981, lakini kazi yake haikuthibitishwa mpaka mwaka 2006.

Njia ya pili ni kufungua mlango wa dharura mwishoni mwa safari. Protini zijulikanazo kwa alama Flv1 na Flv3 huzipokea elektroni zilizozidi na kuzipa oksijeni kwa namna ambayo hutokea maji tu, pasipo oksijeni kali. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Turku, Finland, walionyesha umuhimu wake kwa bakteria aina ya Synechocystis. Walionyimwa protini hizo walistahimili mwanga usiobadilika, lakini mwanga ulipobadilishwa mara kwa mara kati ya hafifu na mkali walishindwa kukua.

Njia ya tatu ni kuzirudisha elektroni nyuma, zizunguke mfumo wa kwanza. Mzunguko huo huleta nishati bila kuongeza mzigo mwishoni. Njia ya nne ni matengenezo: protini iitwayo D1, iliyomo katika mfumo wa pili, huharibika mara kwa mara kwa nuru, na seli huiondoa na kuweka mpya. Uharibifu ukiishinda kasi ya matengenezo, usanisinuru hudhoofika.

Hatua za somo

Vifaa vinavyohitajika ni ndoo moja, kokoto 30, kikapu na kipande cha kitambaa cha rangi ya chungwa. Ndoo iandikwe "Maji" na kikapu kiandikwe "Sukari". Wanafunzi sita wasimame mstari mmoja. Wa kwanza, aliye karibu na ndoo, ni mfumo wa pili. Wa pili na wa tatu ni wachukuzi. Wa nne ni mfumo wa kwanza. Wa tano ni mchukuzi. Wa sita ni mpishi. Kokoto ni elektroni, na makofi ya mwalimu ni nuru.

Hatua ya 1. Kila kofi likilia, mwanafunzi wa kwanza atoe kokoto moja ndooni, nayo ipitishwe mbele. Kila mmoja aruhusiwe kushika kokoto moja tu. Mpishi ahesabu mpaka nne kabla ya kutia kila kokoto kikapuni. Mwalimu apige makofi polepole, na darasa lione kazi inavyokwenda sawa.

Hatua ya 2. Mwalimu aongeze kasi ya makofi. Mara mikono yote itajaa. Kila kofi linalomkuta mwanafunzi wa kwanza ameshika kokoto, mwandishi apige mstari ubaoni chini ya neno "Jeraha". Mwalimu aulize: "Je, sukari imeongezeka kwa kadiri makofi yalivyoongezeka?" Watoto wajibu kwa kuhesabu, wasikisie.

Hatua ya 3. Waletwe wasaidizi mmoja baada ya mwingine, na kila mara majeraha yahesabiwe upya. Mwenye kitambaa akikiinua, kofi moja katika kila mawili lisihesabiwe, naye aseme "Joto!" Msaidizi wa pili asimame karibu na mwanafunzi wa tano, achukue kokoto zilizozidi na kuzirudisha katika ndoo ya "Maji". Kisha mwanafunzi wa tano aruhusiwe kurudisha kokoto kwa wa pili, iwapo mikono yake ni mitupu. Mwisho, mwanafunzi wa kwanza akipata majeraha matatu, apokewe na mwenzake.

Hatua ya 4. Darasa lirudi kwenye mche wa kahawa. Jani lililokulia kivulini halijajiandaa kwa nuru nyingi. Likitolewa juani ghafla, nuru inayonaswa huzidi uwezo wake wa kuitumia na kuitoa, nalo hupauka na kubabuka. Ndiyo maana mkulima mwenye busara hupunguza kivuli cha kitalu kidogo kidogo kabla ya kuhamisha miche.

Tahadhari

Mwalimu asidai kwamba mimea hujikinga sawasawa na bakteria. Mimea itoayo maua haina protini za Flv. Yenyewe hutoa joto kwa msaada wa rangi nyingine za jamii ya karoti, na hurudisha elektroni kwa njia zake. Pia asiwatishe watoto wakaliona jua kuwa adui. Sentensi iliyo sahihi kwa daftari lao ni hii: "Mwanga huongeza chakula cha mmea mpaka kipimo fulani, ukizidi hapo, mmea hulazimika kujikinga."

Tena, mwalimu asiliahirishe swali la mtoto kwa kuwa tu halimo katika andalio la somo. Kama jibu halijui, aliandike swali pembeni mwa ubao, aahidi siku ya kulijibu, na atimize ahadi.

Maswali ya kujadili

1. Katika Hatua ya 3, ni msaidizi yupi aliyepunguza majeraha zaidi? Eleza kwa nini.

2. Ni jambo gani katika mchezo huu lisilofanana na hali halisi ya seli? Utalielezaje kwa watoto wa Darasa la Tano?

3. Andika jibu la sentensi tatu ambalo ungempa binti aliyeuliza habari za miche ya kahawa.